Jangwani, mtafute mwongozaji anayejua saa

Nikiwaambia watu kwamba likizo yangu naipeleka jangwani kutazama ndege, swali huwa ni lile lile: kwani huko kuna ndege gani? Wapo wanaonionea huruma kabisa na kunishauri niende msituni. Msitu naupenda, lakini shingo yangu ni mbovu, na ndege wa msituni wana tabia ya kukaa kileleni mwa mti mrefu kuliko yote na kukuonyesha makalio. Jangwani ndege yuko chini, mbele yako, peupe. Tatizo ni kwamba yuko hapo kwa robo saa tu, akiondoka ni mpaka kesho.

Hiyo robo saa ndiyo inayoamua safari nzima. Kumjua ndege kwa jina si kazi kubwa siku hizi. Vitabu vipo, na programu za simu zinatambua mpaka milio. Kitu ambacho kitabu hakina ni saa: nani anakunywa maji asubuhi, nani anangoja giza liingie, kisima kipi kimekauka tangu juma lililopita na wafugaji wamehamia kipi. Ratiba hiyo hubadilika kila mvua inaponyesha, na hubadilika zaidi isiponyesha. Mwongozaji mwenye ratiba hiyo kichwani ndiye ninayemlipa. Asiyekuwa nayo ni dereva mwenye darubini.

Nichukue Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya. Ni mahali pa chemchemi, pana mikoma iliyoinamishwa na upepo, na kuanzia asubuhi ngamia na mbuzi wanafika kwa zamu kunywa. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa huko huko, aliyekua akichunga mbuzi, akajifunza majina ya kitaalamu ya ndege ukubwani. Usiku alitutangazia kwamba tutaamka saa kumi na moja. Tulikuwa kikundi kidogo, na mmoja wetu, bwana mmoja mwenye kamera ya lenzi ndefu kama bomba la maji, akauliza kama tutawakuta alfajiri firigogo, wale ndege wa jangwani wanaofanana na njiwa. Kijana akasema la, firigogo watakuja saa mbili. Basi kwa nini tuamke saa kumi na moja? "Ili saa mbili tuwe tumeshasahaulika," akajibu.

Tukaketi mchangani nyuma ya kijiti kilichokuwa na majani machache, jua likiwa mgongoni, maji yakiwa mbele yetu umbali wa kurusha jiwe. Alitupanga mwenyewe. Hakutaka mtu akae upande ule ambao firigogo huingilia, kwa sababu ndege hao wakitua hutua kwanza mahali pa wazi mbali kidogo na maji, wakatazama, kisha wakakimbia kwa miguu hadi ukingoni. Ukiwakatia njia hiyo hawatui. Watazunguka angani, watazunguka tena, halafu watarudi walikotoka bila kunywa, na huko walikotoka ni mbali. Mimi nilitaka kusogea kidogo nipate kuegemea jiwe. "Mama, kaa hivyo hivyo," akaninong'oneza. "Hata mguu ukifa ganzi, uache ufe."

Ukafa kweli. Saa moja ilipita tukiwatazama hua na kunguru tu, na bwana wa kamera akaanza kupumua kwa sauti, namna ile ya mtu anayetaka ajulikane amechoka. Kisha kwa mbali tukasikia sauti kama ya kugugumia, ikitoka juu, na kijana akainua kidole kimoja. Hakusema kitu. Wakapita wakiwa kundi lililobanana, mabawa yamechongoka, kwa kasi ambayo darubini haiwezi kuifuata, wakageuka, wakatua. Nyuma yao kundi lingine. Na lingine.

Firigogo akiwa chini unaweza kumdhania njiwa mnene mwenye miguu mifupi, mpaka jua limpige. Hao wa Kalacha asubuhi ile wengi walikuwa wale wenye tumbo la rangi ya kahawia iliyoiva, na dume lina utepe mwembamba mweusi kifuani, kana kwamba mtu ameupiga kwa rula. Wanakunywa kwa haraka ya ajabu. Mdomo majini, kichwa juu, mdomo majini, kichwa juu, na wamekwisha. Wengi wao hawakukaa hata dakika moja ukingoni, kwa sababu kila mmoja pale anajua kwamba kozi naye anaijua saa hiyo. Alikuja, kwa kweli. Alikata katikati ya kundi kama kisu, akakosa, na ukingo wote ukawa mtupu kwa muda wa kuhesabu pumzi chache. Kisha wakarudi, maana kiu haina mjadala.

Lakini dume mmoja hakuwa na haraka. Aliingia majini mpaka tumbo likazama, akatimua manyoya ya tumboni, akaanza kujitikisa kushoto na kulia, mkia na mabawa ameviinua visilowe. Akafanya hivyo, akasimama, akafanya tena. Wenzake walikuwa wameshaondoka, wengine wamekuja na kuondoka, na ngamia mmoja alikuwa ameinamisha shingo kunywa pembeni yake kabisa. Kijana akasogeza mdomo sikioni mwangu: "Ana watoto."

Hili jambo lina historia inayonifurahisha. Mwaka 1896 Mwingereza mmoja, Edmund Meade-Waldo, aliyekuwa akifuga firigogo, aliandika kwamba dume hulowesha manyoya ya tumbo na kuwapelekea makinda maji, nao makinda huyafyonza kwa midomo yao. Wataalamu wengi wakalikataa kwa miongo mingi. Ndege abebe maji kwa manyoya? Ilipofika 1967 Tom Cade na Gordon Maclean wakachapisha uchunguzi wao kuhusu firigogo wa Namaqua wa Kalahari, na ubishi ukaisha. Manyoya hayo ya tumbo yana nyuzi ndogo zilizojikunja, zikiguswa na maji zinakunjuka na kuyashika. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Johns Hopkins na MIT waliyatazama kwa darubini kali za maabara na kueleza umbo hilo kwa undani. Dume anaweza kubeba maji ya kiasi cha asilimia 15 ya uzito wake. Makinda ya firigogo hayaletewi chakula. Hutembea na kudonoa mbegu yenyewe tangu siku za mwanzo. Mbegu kavu tupu, jangwani, na mabawa hayajaota. Bila tumbo la baba hayafiki popote.

Yule dume alipotoka majini alikuwa mzito, ukimwona. Aliruka kwa taabu hatua za mwanzo, kisha akashika mwelekeo mmoja ulionyooka kabisa, bila kuzunguka, bila kungoja kundi. Kijana alimfuata kwa macho muda mrefu baada ya mimi kumpoteza.

Ningekuwa mwenyewe pale, na kitabu changu na darubini yangu nzuri, ningefika saa nne baada ya kuamka vizuri, ningeona ngamia.

Na hapo ni firigogo wa asubuhi tu. Yupo firigogo wa Lichtenstein, mwenye mistari mistari myembamba mwili mzima, ambaye hunywa jua likishazama, karibu gizani. Watu wengi wanaondoka kisimani wakati huo wakifuata chakula cha jioni. Siku hizi kila safari ninayopelekwa nauliza: chakula cha jioni ni saa ngapi? Wakisema saa moja kamili, najua Lichtenstein hatumwoni.

*

Kutoka Kalacha tulielekea Dida Galgalu, kaskazini mwa Marsabit, na huko habari ya maji inakwisha, unaanza mtihani wa aina nyingine. Dida Galgalu ni uwanda wa mawe meusi ya volkano juu ya udongo mwekundu, tambarare mpaka macho yanauma. Barabara ya lami ya kwenda Moyale inaukata, malori yanapita, na ukisimama ukaangalia pande zote unaweza kuapa kwamba hakuna kiumbe hai zaidi yako na dereva wa lori.

Ndege wanaotafutwa hapo ni vipozamataza. Nakiri kwamba vipozamataza si ndege wa kila mtu. Wote ni wa rangi ya vumbi, wote wana mistari mistari, na kitabu kinaweza kukuwekea kumi na tano ukurasa mmoja, tofauti yao ikiwa ni urefu wa mdomo. Lakini Dida Galgalu ina mmoja ambaye hapatikani nje ya Kenya, kipozamataza wa Williams. Alielezwa kitaalamu mwaka 1956 na akapewa jina la John Williams, aliyekuwa mtunzaji wa idara ya ndege katika Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, ambayo leo ndiyo Makumbusho ya Taifa. Dunia nzima, makazi yake yanayojulikana ni sehemu mbili: huku kaskazini mwa Marsabit, na upande wa Shaba, mashariki mwa Isiolo.

Mwongozaji hakuwa akitazama ndege. Alikuwa akitazama ardhi. Tulipita kilomita kadhaa za uwanda ambao kwangu mimi ulikuwa ule ule, na kila nikionyesha kitu anasema "hapa hapana". Kisha akamgusa dereva begani. Sasa mawe yalikuwa madogo zaidi, nyasi kidogo, na vichaka vidogo vya barleria vyenye miiba ambavyo havikufika gotini. Ndani ya dakika chache tulikuwa naye: ameruka kutoka jiwe hadi kichaka, amekaa juu yake, ana uwekundu fulani mgongoni unaofanana na udongo aliosimama juu yake. Baadaye kidogo tukampata na kipozamataza mwenye barakoa, aliyezungushwa mstari mweusi usoni, ambaye yeye angalau anasaidia kwa kuwa na sura.

Yote hayo kabla ya saa tatu. Baada ya hapo hewa inaanza kuchemka. Mazigazi yanaanzia mbali, ukingo wa upeo wa macho unajaa maji ya uongo, halafu yanasogea karibu mpaka ndege aliye hatua hamsini anacheza kama moto wa mshumaa. Watu wana imani na darubini kubwa ya miguu mitatu, wanaikuza mara 60, wakidhani ndiyo dawa. Kadiri unavyokuza ndivyo unavyokuza na joto. Afadhali kurudi mara 20, au kuifunga kabisa na kutumia ile ya shingoni. Darubini ya 8x32, inayokuza mara nane tu, inatosha jangwani. Mwanga upo wa kugawa, na uzito kidogo shingoni ni rehema.

Kuna na upepo. Ukanda ule wa Turkana na Chalbi una upepo ambao hata wenye mitambo ya umeme wameufuata, na huvuma hasa usiku na asubuhi. Vipozamataza kwenye upepo hawaimbi, wanajibanza nyuma ya mawe. Siku ya upepo mkali mwongozaji wetu alibadilisha mpango wote bila kumwuliza mtu, akatupeleka kutafuta mbuni wa Kisomali, kwa sababu mbuni hawezi kujibanza nyuma ya kitu. Huyu ana shingo na mapaja ya rangi ya buluu inayoelekea kijivu, si waridi kama yule wa Maasai, na tangu 2014 anahesabiwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kuwa spishi yake mwenyewe. Dume wakati wa kutafuta mke buluu hiyo inawaka. Ni mnyama mkubwa kuliko sote, peupe kabisa, na bado alitukimbia vizuri sana.

*

Saa za mchana. Hapa ndipo waandaaji wa safari wanapokosana na mimi.

Kuanzia saa nne hivi mpaka saa kumi jangwa linafunga. Ndege wametafuta kivuli, wamefungua midomo, koo zinatetemeka kujipoza, na kila tone la maji mwilini wanalihesabu. Arabuni imeonekana kwamba vipozamataza huingia kwenye mashimo ya mijusi mikubwa na kungoja humo jua lipungue. Ndege ambao hutaga chini kwenye changarawe wanasimama juu ya mayai yao mchana kutwa, si kuyapasha joto bali kuyafanyia kivuli. Ukimwondoa mzazi huyo kwa dakika chache tu ili upate picha nzuri, mayai yanaweza kuiva. Basi mchana ni wa kulala, kuandika daftari, kunywa maji, na kuhama kutoka kituo hadi kituo ikiwa lazima. Mwandaaji anayeweka "matembezi ya ndege" saa saba mchana anawajazia wateja ratiba ili waone pesa zao zinafanya kazi.

Ndiyo maana pia siwezi kumvumilia mwongozaji mwenye spika. Kumchezea ndege rekodi ya mlio wake ili ajitokeze kupigana na mgeni asiyekuwepo ni jambo la kujadiliwa hata msituni. Jangwani, saa ya joto, ni kumtoa kivulini na kumkimbiza juani kwa ajili ya picha. Niliwahi kuwa na mwongozaji mmoja, sitasema nchi gani, aliyekuwa na spika mkandani kama bastola. Kila kichaka, mlio. Tuliona ndege wengi, na nusu yao walikuwa wameudhika.

*

Namib, jangwa la pwani ya Namibia, ni habari nyingine kabisa, kwa sababu pale maji hayatoki kisimani, yanatoka baharini yakiwa ukungu. Mkondo baridi wa Benguela unapita pwani, hewa yenye unyevu inapoa juu yake, na asubuhi ukungu unaingia nchi kavu. Unaanzia Walvis Bay ukiwa umevaa koti, huku heroe kwa maelfu wakichuja matope ya ghuba, na saa chache baadaye uko kwenye matuta ya mchanga ukiwa unatafuta kofia.

Kule nilikwenda kwa ajili ya ndege mmoja: kipozamataza wa matuta, ambaye huhesabiwa kuwa ndege pekee anayeishi Namibia tu. Makao yake ni bahari ile ya mchanga kusini mwa mto Kuiseb. Chakula chake ni wadudu na mbegu za nyasi zinazoota kwa mafungu matutani, na maji yake anayapata humo humo kwenye chakula. Kwa hiyo mbinu ya kisimani haina kazi. Ukikaa ukingoni mwa maji kumngoja utazeekea hapo.

Mwongozaji wa huko, kutoka kijiji cha Rooibank, mzee mkimya aliyetembea peku, alikuwa na mbinu nyingine: alisoma mchanga. Usiku upepo unafuta kila kitu, asubuhi ukurasa ni mpya, na kila aliyeamka kabla yako ameshaandika. Alituonyesha mstari wa mende, vitundu viwili viwili vya miguu na mchirizi katikati. Akatuonyesha alama za ndege aliyeruka-ruka, miguu miwili kila mara sambamba, akaziacha. Kisha akachuchumaa mbele ya nyayo zilizopishana, kushoto, kulia, kushoto, kulia, zikienda kutoka fungu moja la nyasi hadi jingine, zikizunguka kila fungu, zikiendelea. Vipozamataza hutembea na kukimbia, hawarukiruki kama shomoro. Kingo za nyayo zilikuwa bado kali, chembe za mchanga hazijaanza kuporomoka ndani. Akatuashiria tusimame.

Tukafuata nyayo kwa macho, si kwa miguu, na mwisho wa nyayo alikuwepo mwenyewe. Mgongo wa rangi ya mchanga ule ule mwekundu, tumbo jeupe, miguu mirefu kidogo kuliko nilivyotarajia. Alikuwa akichimba chini ya nyasi kwa bidii, akituma mchanga nyuma kwa mdomo. Hakutujali hata kidogo. Mzee alitutazama sisi badala ya ndege, nadhani kuhakikisha kwamba hakuna atakayepiga hatua.

Kwenye changarawe za kaskazini ya hapo, alikoshughulika kipozamataza wa Gray, mweupe-mweupe mpaka unamwona kwa kivuli chake tu, mzee alikuwa mkali zaidi. Gari halitoki kwenye njia. Changarawe ile ina kuvu-mwani wanaoishi kwa ukungu na kukua polepole mno, na alama ya tairi pale inadumu kwa miongo. Alitupitisha mahali ambapo njia za magari ya zamani bado zinaonekana wazi kama zimepigwa jana. Mwenzetu mmoja akasema ndege yuko mita 200 tu, tusogee kidogo. Mzee akazima gari, akatoa chupa yake ya chai, akanywa. Baada ya muda ndege alisogea yeye.

Sitasema mengi kuhusu kwera wale wa kusini mwa Afrika wanaojenga kiota kimoja cha pamoja, kikubwa kama paa la banda, chenye vyumba vya mamia na kinachokaliwa kizazi hadi kizazi. Wamepigwa picha za kutosha. Nitakachosema ni kwamba ukifika kwenye kiota kama hicho usikimbilie picha ya jumla. Tafuta tundu lililopakwa weupe wa kinyesi mdomoni. Humo kuna mpangaji, kozi mdogo sana, ambaye hajengi chake.

*

Jangwa la Sonora upande wa Arizona limenifundisha kwamba hata giza lina ratiba. Mipungate mirefu ya saguaro inatobolewa na kigong'ota wa Gila, na akishahama tundu linachukuliwa na bundi mdogo kuliko wote duniani kwa uzito, wa gramu 40 hivi. Unasimama mbele ya mpungate jua likizama. Mwongozaji pale hakuwa na maneno mengi, alisema tu tundu la tatu kutoka juu, na kwamba atachungulia kabla ya nyota ya kwanza. Akachungulia. Uso wote ulikuwa macho mawili ya njano. Likizo za huko watu huzipanga majira ya kuchipua, au Julai na Agosti mvua za radi zinapokuja na ndege kuimba upya, ingawa joto la miezi hiyo si la kila moyo.

Majira nayo ni sehemu ya saa, na hapa kuna uamuzi wa kufanya kabla ya kulipia chochote. Kiangazi kikali kinakusanya ndege kwenye maji machache: unakaa, wanakuja. Baada ya mvua, maji yako kila mahali, kisimani hakuna mtu, lakini vipozamataza wanaimba, tandawala wanajitapa, kila kichaka kina kiota. Kaskazini mwa Kenya mvua huangukia Aprili na Mei, kisha Novemba hivi, zikikubali. Kuanzia Oktoba hadi Aprili wapo pia wageni wa kutoka Ulaya na Asia. Hakuna msimu unaokupa vyote, na mwandaaji anayekuahidi vyote mwezi wowote mpite.

Mimi naangalia mambo machache nikisoma mpango wa safari. Kifungua kinywa kikiwa kabla ya kutoka, na si porini baadaye, naweka karatasi chini. Kila usiku kitanda kipya, pia naweka chini, kwa sababu kisima hukijui asubuhi ya kwanza. Ya pili ndiyo unaanza kuona nani hakuja jana. Gari la watu saba lenye madirisha manne ya maana lina maana watatu watatazama visogo. Matairi ya akiba nauliza ni mangapi, maana mawe ya Dida Galgalu hukata mpira kama wembe, na jibu la "moja linatosha" linatoka kwa mtu asiyefika huko. Maji ya kunywa nauliza lita ngapi kwa mtu kwa siku. Na namwomba mwandaaji nizungumze na mwongozaji mwenyewe kabla sijalipa. Wengine hawapendi hilo. Hao nao wamenisaidia kuamua.

Sasa hivi napanga Merzouga, kusini-mashariki mwa Morocco, kwenye matuta ya Erg Chebbi, nikamwone shomoro wa jangwani na yule ndege wa usiku wa Misri anayelala mchana kutwa juu ya mchanga akiwa na rangi ya mchanga. Niliandikia waongozaji wawili. Wa kwanza alinitumia orodha ya ndege, ndefu, yenye picha za rangi na alama ya asilimia ya uhakika mbele ya kila jina. Wa pili alijibu kwa mistari mitatu. Aliuliza kama naweza kuketi saa mbili bila kuzungumza, kama macho yangu yanavumilia mchanga, na kama nitakubali kuja Aprili mwanzoni badala ya Mei niliyoitaka, kwa sababu mwaka huu mvua ilichelewa na wachungaji anaowategemea bado hawajamwambia ndege wa usiku wanalala upande gani.

Nimeshamtumia malipo ya awali. Ruhusa ya Aprili kazini bado naigombania.